MANOWARI NA BOMBA TATU

Msafiri atokaye Kianjai akishuka mpaka Mombasa na kuingia katika Ngome ya Yesu, ataona humo mizinga miwili ya zamani iliyotoka katika manowari. Watu wengi huipita bila kuuliza habari zake. Mmoja ulikuwa wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Wa pili ulikuwa wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Manowari hizo mbili zilipigana mbele ya mji wa Unguja alfajiri moja ya mwaka 1914. Ya kwanza ilizama siku ile ile, na ya pili ikaangamia kabla ya miezi kumi kutimia. Leo mizinga yao imewekwa pamoja kama majirani.

Huenda msomaji wa Meru au Embu akasema: habari za bahari zina watu wa pwani wenyewe, sisi wa milimani zatuhusu nini? Zatuhusu sana, kama itakavyoonekana hapa chini. Vita vilivyoanza baharini vilipanda nchi kavu, na mizinga ya Königsberg ilisafiri kwa miguu mamia ya maili mbali na maji ya chumvi. Watu waliosafiri kuikabili, na wengine waliosafiri kuivuta, walikuwa Waafrika.

Kwanza tueleze ilikuwa manowari ya namna gani. Ziko manowari kubwa zilizofunikwa chuma kinene, zenye mizinga ya inchi 12 au zaidi, ambazo kazi yake ni kupigana na manowari nyingine kubwa. Tena ziko nyepesi, zilizoundwa kwa ajili ya mbio: hupeleleza, hubeba habari, na huwinda meli za biashara za adui. Königsberg ilikuwa ya namna hii ya pili. Iliundwa katika mji wa Kiel, kaskazini ya Ujerumani, ikashushwa majini tarehe 12 Desemba 1905, na kuanza kazi mwaka 1907. Urefu wake ulikuwa futi 378, yaani ilipita kiwanja cha mpira, na upana wake futi 43 tu. Uzito wake ulikuwa kama tani 3,400. Ilikuwa na mizinga kumi ya inchi nne na kidogo, iliyoweza kutupa kombora mbali zaidi ya maili saba. Mabaharia wake walikuwa zaidi ya 300. Injini zake zilikuwa mbili, zikiendeshwa na mvuke kutoka katika matanuri 11 ya makaa ya mawe, na mbio zake zilifika maili za baharini 24 kwa saa.

Moshi wa matanuri hayo ulitoka katika bomba tatu zilizosimama wima juu ya sitaha. Jambo hili ndilo lililowashangaza watu wa Dar es Salaam ilipoingia bandarini mwezi wa Juni 1914. Siku zile watu walihesabu bomba za meli kama mtu ahesabuvyo pembe za kifaru: zikizidi, nguvu zimezidi. Wakaipa jina, “Manowari na bomba tatu.” Mwalimu wa sarufi angetaka kusema mabomba matatu, lakini jina limekwisha kaa, nasi hatulibadili.

Yako mambo mawili ambayo msomaji ayaweke moyoni, maana ndiyo yaliyoamua maisha ya manowari hii. La kwanza ni makaa ya mawe. Meli ya mvuke bila makaa ni kama punda bila majani. Hata iwe na mizinga mia haiendi popote. La pili ni kina chake. Königsberg ilizama majini kiasi cha futi 17. Kwa manowari kina hicho ni kidogo, na ndicho kilichoiwezesha kuingia mahali ambapo manowari kubwa haziwezi kuingia. Baadaye kikawa ndicho kilichoifunga ndani.

Nahodha wake alikuwa Max Looff. Tarehe 31 Julai 1914, vita ikiwa karibu kutangazwa Ulaya, aliitoa manowari yake Dar es Salaam ili asije akafungiwa bandarini. Nje alikutana na manowari tatu za Kiingereza, Hyacinth, Astraea na Pegasus, zilizotumwa kumvizia. Zote tatu zilikuwa kuukuu, zilizoundwa katika miaka ya 1890, na mwendo wake ulikuwa mdogo kuliko wa Königsberg. Vita ilikuwa haijatangazwa bado, kwa hiyo hapana aliyepiga mzinga. Ikaja mvua kubwa ya ghafula, Looff akageuza njia ndani ya mvua ile akawapotea.

Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Oman, aliikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imepakia chai. Hiyo ndiyo meli ya kwanza ya biashara ya Kiingereza iliyokamatwa katika vita ile. Looff alichukua makaa yake, kisha akaizamisha. Lakini makaa ya meli moja hayatoshi. Waingereza nao walikuwa wamefanya jambo la akili: walinunua makaa yote yaliyokuwa yakiuzwa Beira, ili adui asipate kitu. Dar es Salaam hapakuingilika tena. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea iliupiga mji ule mizinga ili kuharibu mnara wa simu ya upepo, na Wajerumani wenyewe walizamisha gati lao lielealo katika mlango wa bandari. Looff akatafuta maficho, akayapata katika mto Rufiji.

Mahali penyewe panahitaji kuelezwa. Mto Rufiji ukikaribia bahari haukai kitu kimoja. Hugawanyika kuwa mito mingi midogo, na kila mmoja una mlango wake: Simba Uranga, Suninga, Kiomboni, Kikunja na mingine. Kati yake ni misitu ya mikoko isiyopenyeka, ambayo tangu zamani majahazi ya Waarabu yalikuja kuchukua boriti zake. Maji hupanda na kushuka pamoja na bahari. Penye kina asubuhi, jioni pana tope na kaa. Katika ramani za Waingereza hapakuonyeshwa kuwa meli kubwa yaweza kupita. Wajerumani walikuwa wamepima upya milango ile muda mfupi kabla ya vita, nao walijua inapitika. Basi mwanzo wa Septemba 1914 Königsberg iliingia mtoni mpaka Salale, na Waingereza hawakujua imekwenda wapi.

Ilikuwa humo Looff alipopata habari kwamba manowari moja ya Kiingereza imetia nanga Unguja. Ilikuwa ni Pegasus. Meli za mvuke zilikuwa na taabu hii: matanuri na mabomba ya maji hushika uchafu na ukoko, kama sufuria isiyosuguliwa, na yasiposafishwa hayana nguvu. Pegasus ilikuwa imezima moto ili isafishwe na kutengenezwa. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ilitokea katika mkondo wa Unguja, ikafungua mizinga kutoka mbali zaidi ya mahali ambapo mizinga ya Pegasus iliweza kufika. Wanamaji wa Pegasus walijibu, lakini makombora yao yalianguka majini. Waliokufa, pamoja na waliofariki baadaye kwa majeraha, walikuwa 38. Meli ililala upande na kuzama mchana ule. Makaburi ya wengi wao yako katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, na hata leo watu huyazuru.

Ushindi huu haukumpa Looff faida kubwa. Njiani kurudi, injini yake iliharibika. Ilimbidi aingie tena Rufiji, na mara hii hakutoka.

Vyombo vyenyewe vilivyovunjika havikuweza kutengenezwa mtoni. Karakana ilikuwa Dar es Salaam, kiasi cha maili mia kwa njia ya nchi kavu. Basi vipande vizito vya chuma viliwekwa juu ya magogo ya kukokota, na wachukuzi wa Kiafrika wakavivuta kupita porini na mabwawani mpaka Dar es Salaam. Vilipokwisha tengenezwa, wakavivuta tena kurudi. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Königsberg, vyenye majina ya maofisa na vyeo vyao, lakini kazi hii hutajwa kwa mstari mmoja au miwili. Mwandishi wa habari hizi anaona kwamba katika mambo yote yaliyofanywa kwa ajili ya manowari ile, hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

MTEGO WA RUFIJI

Waingereza walileta manowari mpya za mbio, Chatham, Dartmouth na Weymouth, kuitafuta Königsberg. Tarehe 19 Oktoba, Chatham iliikagua meli ya Kijerumani iitwayo Präsident huko Lindi, na ndani yake zikapatikana karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Salale. Siku 11 baadaye milingoti ya Königsberg ilionekana juu ya mikoko.

Kuonekana si kukamatwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa na kina kikubwa, na milango ya mto ililindwa na askari wa Kijerumani waliojichimbia mahandaki pwani wakiwa na mizinga midogo na bunduki. Ililetwa hata manowari kubwa hasa, Goliath, yenye mizinga ya inchi 12. Mizinga yake iliharibu majumba ya Dar es Salaam mwisho wa Novemba 1914, lakini katika Rufiji haikufaa kitu. Kina chake kilipita futi 25, ikabidi ikae mbali nje kama tembo aliyesimama nje ya boma la kuku. (Manowari hiyo ilipelekwa baadaye Uturuki, ikazamishwa huko tarehe 13 Mei 1915 pamoja na watu 570.) Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mlango wa Suninga ili kuziba njia. Looff akasogea ndani zaidi mtoni, akafunga matawi juu ya milingoti ili asionekane.

Eropleni zilikuwa kitu kipya kabisa siku zile. Rubani mmoja wa kiraia, Cutler, aliajiriwa pamoja na eropleni yake iwezayo kutua majini, naye ndiye aliyeiona manowari kutoka juu mwezi wa Novemba. Joto la pwani lililegeza gundi ya mbao za eropleni, na injini zilichoka upesi katika hewa ile. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza walikishika kisiwa cha Mafia, wakafanya huko kiwanja cha kurukia.

Huku ndani ya mto watu wa Königsberg waliugua homa ya malaria na kuhara, chakula kikapungua, na makaa yakawa karibu kwisha. Serikali ya Ujerumani ilituma meli ya kuwaokoa, Rubens, iliyobadilishwa jina na bendera ikajifanya ni ya Denmark. Ilikuwa na makaa tani 1,600, pamoja na bunduki na risasi. Ilizunguka Afrika yote bila kushikwa, lakini mwezi wa Aprili 1915 ilipofika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, manowari Hyacinth iliifumania na kuipiga. Nahodha wake aliipandisha pwani. Wajerumani waliokoa silaha nyingi kutoka ndani yake, ambazo jeshi lao la nchi kavu lilizitumia kwa miaka. Lakini makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg bila makaa ikawa ngome tu, si manowari tena.

Kilichoimaliza kilikuwa ni vyombo viwili vya ajabu. Viliundwa Uingereza kwa ajili ya serikali ya Brazil, vifanye kazi katika mto Amazon. Kabla ya kupelekwa, vita ikaja, na Waingereza wakavinunua wenyewe. Viliitwa Severn na Mersey. Vilikuwa vifupi, vipana, bapa chini, tena vya mwendo wa pole, na baharini vilikuwa vibaya sana kusafiri ndani yake. Lakini kila kimoja kilibeba mizinga miwili ya inchi sita, na kina chake kilikuwa kama futi sita tu. Vilivutwa kwa kamba kutoka Malta, kwa njia ya Suez, mpaka Mafia, vikafika mwanzo wa Juni 1915.

Tarehe 6 Julai viliingia kwa mlango wa Kikunja. Kutoka huko Königsberg haikuonekana. Kati yao palikuwa na maili sita za mikoko. Eropleni iliruka juu na kuangalia kila kombora lilipoanguka, kisha ikapeleka habari kwa simu ya upepo: mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia. Mpiga mzinga alilenga kwa macho ya mtu mwingine aliyeko mbinguni. Leo jambo hili ni la kawaida kwa majeshi yote, lakini wakati ule lilikuwa jipya. Wajerumani nao walikuwa na watu wao waliojificha katika miti ya kando ya mto, wakiangalia makombora yao. Kombora moja la Königsberg liliangukia mzinga wa Mersey na kuua wapigaji wake, na jioni Waingereza wakarudi nyuma bila kumaliza kazi.

Wakaja tena tarehe 11 Julai. Mara hii Severn ilipiga peke yake kwanza, ili habari za eropleni zisichanganyike. Eropleni ilikuwa na rubani Cull na mwangalizi Arnold. Ilipigwa, injini ikazimika, ikaanza kushuka. Na huku inashuka Arnold aliendelea kupeleka habari ya kuwaelekeza wapigaji, mpaka eropleni ikaanguka majini karibu na Mersey. Mashua ilitoka ikawaokoa wote wawili. Kwa muda huo makombora yalikuwa yakiangukia Königsberg moja baada ya jingine, na moto ulikuwa umewaka ndani yake. Looff, aliyejeruhiwa, aliamuru watu washuke, kisha manowari ipasuliwe kwa topido zake yenyewe. Mchana ule ililala katika tope la Rufiji. Wajerumani 19 walikufa siku ile.

MIZINGA YAPANDA BARA

Hapo ndipo habari inapowageukia watu wa bara. Manowari ilikufa, lakini mizinga yake haikufa. Wajerumani walipiga mbizi wakaitoa yote kumi. Mafundi wa Dar es Salaam wakaiundia magari yenye magurudumu, na mizinga iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari ikawa mizinga mikubwa kuliko yote ya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Mmoja uliwekwa katika meli Graf von Götzen ya ziwa Tanganyika, meli ile ile ambayo baada ya vita iliitwa Liemba. Mingine ilivutwa Kondoa Irangi, Tabora, na mpaka kusini karibu na Mto Ruvuma. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu wa kuuvuta kwa kamba, maana wanyama wa kukokota walikufa kwa mbung'o. Mizinga ya Pegasus nayo ilitolewa majini, na Waingereza wakaitumia nchi kavu vile vile.

Nyuma ya kila mzinga na kila mfuko wa unga walikuwako wachukuzi. Upande wa Waingereza walikusanywa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo midomo ya watu iliigeuza kuwa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mwaka 1917 serikali ya Kenya iliamuru watu wakusanywe kwa wingi kutoka wilaya zote za wakulima, na vijana wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwao. Wengi hawakuwa wameiona bahari wala nchi tambarare ya joto. Mtu aliyezoea baridi ya Nyambene, viazi vikuu, ndizi na mtama, alipelekwa bondeni mwa Rufiji ule ule, akapewa unga wa mahindi aliojipikia haraka na maji yasiyochemka, akabebeshwa mzigo katika mvua. Mwanzo wa mwaka 1917 mto ulifurika, na majeshi yalikaa majini wiki nyingi. Tumbo la kuhara, homa na kichomi viliua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya serikali ya wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza ilipita 40,000, na wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wanaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Majina ya wengi wao hayakuandikwa mahali popote. Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi zimesimama sanamu za shaba za kuwakumbuka Waafrika wa vita ile, na moja ni ya mchukuzi.

Looff mwenyewe alisalimu amri mwezi wa Novemba 1917, na von Lettow-Vorbeck mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika Zambia. Mizinga ya Königsberg iliharibiwa na Wajerumani mmoja mmoja kadiri walivyorudi nyuma. Inayojulikana kubaki ni mitatu: huu wa Mombasa, mwingine Jinja katika Uganda, na wa tatu Pretoria.

Manowari yenyewe ilibaki katika Rufiji miaka mingi, wavuvi wakipita kando yake. Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vyake ilinunuliwa kwa pauni 200. Aliyeinunua ni yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus siku ilipozamishwa Unguja. Alituma wapiga mbizi watoe shaba na madini mengine ya thamani, kisha akawauzia wengine haki hiyo. Katika miaka ya 1940 mwili wa meli ulikuwa umepinduka upande wa kulia. Watu waliendelea kukata vyuma vyake mpaka mwaka 1965, na mwaka 1966 kilichosalia kiliporomoka, tope la mto likakimeza.